Farasi Aliyepasuliwa: Maswali Tunayoulizwa Kuhusu Kumpanda Tena

Farasi wa Unguja si wengi, na kila mwenye wake anamjua wa mwenzake. Akipasuliwa mmoja huku kaskazini, habari zinafika Paje, pwani ya mashariki, kabla ya magharibi. Akianza kupona, simu zinaanza kulia: nimpande lini? Haya ndiyo maswali yanayotufikia zaidi bandani kwetu na majibu tunayoyatoa. Neno la mwisho ni la daktari wa mifugo aliyeshika kisu, kwani yeye ndiye anayejua alichokata na alichokikuta ndani.

Kidonda kimefunga, na nywele zimeanza kuota. Kwa nini nisimpande?

Kwa sababu kilichofunga ni ngozi. Nyuzi za ngozi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na farasi aliyetunzwa vizuri siku hiyo anapendeza kabisa. Chini ya ngozi hiyo kuna nyama, kuna utando unaoishikilia nyama, na kama alipasuliwa tumbo kuna ukanda wa kano katikati ya kitovu na kifua ambao ndio unaobeba uzito wote wa matumbo. Vitu hivyo vinajiunga kwa wiki na miezi, na jicho halivioni.

Tunaye jike tunayemwita Karafuu, kwa rangi yake ya karafuu iliyokwisha anikwa. Aliota uvimbe mdogo, ukubwa wa kungumanga, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, pale pale unapopita mkanda wa tandiko. Alitolewa kwa ganzi, amesimama, na kazi haikuchukua hata saa moja. Wiki ya nne kovu lilikuwa jembamba kama uzi. Mgeni alikuwa anasubiri, nikamtandika. Karafuu hakukataa. Nilipokaza mkanda tundu la pili alilaza masikio nyuma mara moja tu, nikadhani ni inzi. Baada ya dakika 40 nilipofungua, kitambaa cha mkanda kilikuwa na doa la majimaji ya waridi, upana wa sarafu ya shilingi mia mbili. Kovu lilikuwa limeachia upande mmoja. Wiki mbili ambazo sikutaka kuzisubiri ziligeuka miezi mitatu, na maumivu yote aliyabeba yeye. Tangu siku hiyo, nikikaza mkanda wa farasi yeyote natazama masikio kwanza.

Basi ni muda gani hasa?

Inategemea kilichopasuliwa, na tofauti ni kubwa mno kiasi kwamba jibu la farasi wa jirani linaweza kumuua wa kwako.

Dume aliyehasiwa ndiye anayerudi mapema. Tena yeye hatakiwi kusimama tu: baada ya siku ya kwanza ya utulivu anatakiwa atembezwe, dakika 15 hadi 20 mara mbili kwa siku, ili majimaji yatoke na uvimbe usijikusanye. Uvimbe hupanda siku ya tatu hadi ya sita kisha hupungua, na wengi wanarudi kwenye tandiko baada ya wiki mbili au tatu. Matone ya damu saa za mwanzo si ajabu. Damu inayotiririka bila kukatika kwa robo saa, au kitu chochote kinachoning'inia kutoka kwenye kidonda, ni cha kumwita daktari saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Na usimchanganye na majike angalau mwezi mmoja, kwani mbegu zilizobaki ndani zinaweza kumpa jike mimba.

Tumbo ni habari nyingine. Farasi aliyepasuliwa kwa msokoto wa matumbo alilazwa kwa nusu kaputi na akafunguliwa katikati. Utaratibu unaofuatwa na madaktari wengi ni siku 30 bandani akitembezwa kwa mkono tu, siku 30 kwenye ua mdogo, kisha siku 30 kwenye uwanja mkubwa zaidi. Kwa hiyo tandiko linafikiriwa karibu na miezi mitatu. Kama mshono uliwahi kutoa usaha, ongeza muda na mwambie daktari aupapase, maana mshono uliooza ndio unaoweza kuachia baadaye na kuacha ngiri.

Aliyetolewa kipande cha mfupa kwenye kiungo mara nyingi huhitaji miezi miwili hadi minne. Kano za miguu ndizo zinazochosha moyo, kwani ni miezi 6 hadi 12, na miezi yote hiyo farasi anaonekana mzima.

Jino lililong'olewa halizuii mgongo kubebeshwa, linazuia lijamu, kile chuma cha mdomoni. Muulize daktari shimo limejaa lini.

Nitajuaje kuwa yuko tayari?

Mjue kwanza akiwa ametulia. Weka vidole viwili chini ya taya, pale ndani unapopinda mfupa, utausikia mshipa unateleza kama kamba ya mshipi. Ukibonyeza kidogo unapiga. Hesabu kwa dakika nzima: farasi mkubwa aliyepumzika huwa kati ya 28 na 44. Pumzi ni 8 hadi 16, ingawa mchana wa kaskazi zinapanda kidogo bila ugonjwa. Joto la mwili ni baina ya nyuzi 37.5 na 38.5. Yaandike asubuhi kila siku kwenye daftari lile lile la chakula, kwani namba ya leo haisemi kitu kama huna ya jana.

Kisha pitisha kiganja kwenye kovu na pembeni mwake. Pawe baridi, pasiwe na sehemu inayobonyea kama unga uliokandwa, na farasi asiinue mguu wala kukaza tumbo. Mwisho muombe mwenzako amtembeze kwa kamba kwenye ardhi ngumu, kwanza hatua, yaani mwendo wa kawaida, halafu matiti, yaani mchakamchaka. Wewe simama pembeni, ufumbe macho. Mapigo ya kwato yawe sawasawa. Anayechechemea utamsikia kabla hujamuona, na kichwa chake kitapanda kila mguu wa mbele unaouma unapogusa chini.

Asiwe kwenye dawa ya maumivu unapompima. Dawa inamnyamazisha, na wewe unapima dawa badala ya mguu.

Kabla ya kumpanda nifanye naye kazi gani?

Kutembea. Naona watu wanaidharau hatua, na hakuna kitu ninachotamani wabadilishe zaidi ya hicho.

Tunaanza na dakika 10 asubuhi na 10 jioni, tunaongeza dakika 5 kila wiki, mpaka afike nusu saa mara mbili bila kuchoka. Pumzi na misuli hurudi haraka, ndani ya wiki chache. Kano na mifupa iliyolegea kwa kusimama bandani inahitaji miezi. Hapo ndipo penye mtego: farasi anajisikia ana nguvu, anataka kukimbia, na miguu inayombeba bado haijawa tayari. Hatua ndiyo inayovikaza vile vya ndani pole pole bila kuvivunja.

Farasi aliyekaa bandani mwezi mzima akitolewa anaweza kuruka kama amechomwa. Vaa viatu vigumu na kofia ngumu hata kama uko chini, kamba iwe ndefu, na usiizungushe mkononi. Siku za mwanzo wawe watu wawili. Sisi humtanguliza farasi mzee aitwaye Nahodha. Yeye huenda mbele bila haraka, na anayepona humfuata nyuma na kutulia kwa kumuona.

Nimtembeze pwani? Mchanga si laini, hauumizi?

Swali hili ndilo letu hasa, maana vitabu vya farasi vingi vimeandikwa na watu wa majani na udongo.

Mchanga mkavu wa juu, ule unaozama mpaka juu ya kwato, ni kazi nzito sana. Kila hatua kano ya nyuma ya mguu inavutwa kupita kiasi, na mwenye mshono wa tumbo anakaza misuli ile ile unayotaka ipumzike. Mchanga uliolowa, karibu na maji, ambao kwato inaacha alama ya nusu inchi tu, ndio mzuri. Unapatikana maji yakipwa, kwa hiyo ratiba ya farasi wako inafuata mwezi. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hapa kwetu huwa yamekupwa vizuri karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mambo hugeuka. Siku moja natoka na farasi jioni, jirani yetu mvuvi, tunayemwita Ami, alinisimamisha akiwa anashona jarife.

"Leo bamvua, mwanangu. Alasiri huna pwani. Utampitisha kwenye mchanga wa juu wote, na huyo bado mgonjwa."

Nikamrudisha. Tangu hapo namuuliza Ami kwanza ndipo naandika ratiba.

Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yanakwenda mbali na kuacha uwanja mpana. Lakini kuna matumbawe yenye ncha, na kuna mashamba ya mwani yenye vijiti na kamba. Farasi dhaifu akinaswa mguu kwenye kamba atajivuta, na mshono utalipia. Tena yale ni mashamba ya watu, kina mama wamesimama ndani ya maji saa nyingi kuyatunza. Pita mbali nayo.

Na bahari yenyewe? Chumvi si dawa?

Maji ya bahari yanapoza miguu, na kutembea ndani ya maji ya magotini kunampa mazoezi bila kishindo. Ila si kabla kidonda hakijafunga kabisa na daktari hajaruhusu. Mshono mbichi ukiloweshwa unalainika, na mchanga ukiingia ndani utabaki ndani. Maji yakifika tumboni huwa ni kazi kubwa ya moyo, basi dakika tano zinatosha kwa kuanzia. Ukitoka msuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi na umkaushe chini ya mkanda, kwapani na kisiginoni. Chumvi ikikauka chini ya tandiko inachubua, na ngozi ya kovu ni nyembamba kuliko nyingine.

Siku ya kwanza juu ya tandiko iweje?

Fupi. Dakika 10 hadi 15, hatua tupu, asubuhi kama saa kumi na mbili na nusu, jua halijapanda.

Lijaribu tandiko upya kabla ya siku hiyo. Farasi aliyepumzika miezi mitatu amepungukiwa na nyama za mgongo, na tandiko lililomkaa vizuri zamani sasa linaweza kumlalia kwenye uti. Mkanda ukaze tundu moja, mtembeze hatua ishirini, kaza la pili. Panda kutoka juu ya kigoda au jiwe. Ukijivuta kwa kikuku, pale pa kutia mguu, kutoka chini, uzito wako wote unavuta upande mmoja.

Mpandaji awe mwepesi na mwenye kujua. Kanuni inayotumika sana ni mzigo usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, tandiko likiwemo. Kwa farasi wa kilo 400 ni kilo 80. Kwa anayetoka kwenye upasuaji mimi sizidishi asilimia 15, yaani kilo 60 pamoja na tandiko, kwa mwezi mzima wa mwanzo. Kama mwenye farasi ni mzito kuliko hivyo, basi asubiri na ampe kijana ampande. Najua inauma, umemngoja miezi yote hiyo.

Matiti na shoti, yaani mbio kamili, lini?

Kwa aliyepasuliwa tumbo, wiki nne za hatua juu ya tandiko kwanza. Kisha matiti ya dakika moja, hatua dakika tano, matiti tena, mara tatu basi. Ongeza kila wiki ama muda au kasi, kimoja tu. Shoti tunaiacha mpaka amalize wiki nyingine nne za matiti bila tatizo, na kwa mara ya kwanza iwe mstari ulionyooka. Kona za mduara zinamkaza upande mmoja. Aliyehasiwa hana haja ya safari ndefu kama hiyo, na mwenye kano ana ndefu zaidi, tena inayopimwa na daktari kila hatua.

Baada ya kazi mpumzishe kivulini. Ndani ya dakika 10 hadi 15 mapigo ya moyo yashuke chini ya 60. Yasiposhuka, kazi ya leo ilikuwa nyingi, na kesho ipungue.

Joto la kaskazi linabadilisha chochote?

Linabadilisha sana. Kuanzia Disemba hadi Machi kuna joto na unyevu pamoja, na jasho halikauki ili limpoze. Ukiweza kuchagua, anza kumrudisha kazini wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Farasi hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi ambayo mgeni au mgonjwa anaweza kuyasusa. Yaonje mwenyewe. Kama hanywi, mletee maji matamu hata kwa madumu, kwani farasi mkavu tumboni ni wa kurudi mezani kwa daktari.

Nimlishe nini anaporudi?

Majani mengi, nafaka kidogo. Akiwa amepumzika hana haja ya pumba na mahindi, na akirudi kazini badilisha chakula taratibu kwa siku 7 hadi 10.

Lakini la kwetu zaidi ni mchanga. Farasi akilishwa chini, kwenye ardhi ya kichanga, humeza mchanga kila tonge, nao hutulia kwenye utumbo mkubwa mpaka uzibe au usokote. Kumpasua farasi tumbo kisha kumwekea majani chini kwenye mchanga ule ule ni kumrudisha alikotoka. Weka hori, na chini ya hori tandika mkeka mzito wa mpira wa kufagiwa. Pima hivi: chukua vipande sita vya mavi ambavyo havijagusa ardhi, vivunje ndani ya chupa ya plastiki ya maji safi, tikisa, uache robo saa. Ukiona utepe wa mchanga umekaa chini, zungumza na daktari. Maganda ya mbegu yaitwayo isabgol, yanayouzwa kwenye maduka ya dawa za asili hutumiwa na wengi kuusukuma, lakini kiasi aseme yeye.

Inzi je? Na homa?

Inzi ndio adui wa kila kidonda, hasa masika. Kuna wanaoacha vijidudu kwenye kidonda chenye unyevu, kisha kinawasha, hakifungi, na ndani unaona chenga za njano kama mchele. Kwenye miguu chini ya goti kuna tatizo jingine, nyama nyekundu inayoota kupita usawa wa ngozi. Yote mawili ni ya daktari, na yote mawili yanaahirisha tandiko.

Kuhusu homa, wazee wataisingizia mbung'o. Unguja ilitangazwa haina mbung'o mwaka 1997, baada ya madume ya mbung'o yaliyofanywa tasa kwa mionzi kumwagwa kwa ndege mpaka kizazi kikakatika. Kupe lakini wapo. Farasi aliyewahi kuugua homa ya kupe anaweza kubaki na vimelea ndani, na uchovu wa upasuaji ukaviamsha. Akiwa na joto zaidi ya 38.5, fizi zimepauka au kuwa manjano, hakuna kutandika.

Wageni wameshalipa na msimu ndio huu. Nimuweke kwenye safari?

Najua bei ya mfuko wa majani na najua mshahara wa vijana unavyongojwa mwisho wa mwezi. Jibu langu bado ni hapana, mpaka awe amepandwa na watu wako kwa wiki sita bila dosari. Mgeni asiyejua kupanda anakaa upande, anavuta hatamu, anapiga visigino, na farasi mwenye kovu hawezi kumwambia. Sikukuu ya Idi watoto wa mtaani nao watakuja kuomba. Wapandishe kwa mwingine, na huyu wamguse shingo.

Mimi ndiye ninayeogopa. Nilimuona akigaagaa usiku ule.

Hofu hiyo ina haki. Usiisukume, na usimpande ukiwa nayo, kwani ataisikia kwenye mapaja yako. Mtembeze wewe mwenyewe kwa mkono wiki zote zile. Ukifika siku ya tandiko mtakuwa mmetembea pamoja masaa mengi, na mtu mwingine akikushikia kamba siku ya kwanza si aibu.

Nina punda wa gari, si farasi. Maneno haya yananihusu?

Yanakuhusu, na ongeza subira. Punda huficha maumivu kuliko farasi. Atakula, atasimama, atakwenda hata telki, huku mshono unamuuma. Angalia anapojilaza mara kwa mara, anapobaki nyuma ya wenzake, anapoacha chakula nusu. Gari liwe tupu wiki za mwanzo, kisha robo ya mzigo, na hatamu zisipite juu ya kovu. Na kwa wote wawili, punda na farasi, chanjo ya pepopunda isikosekane kabla ya kisu chochote. Ugonjwa huu wa kukakamaa umebeba jina la punda kwa Kiswahili, na farasi ndiye anayedhurika nao haraka kuliko mifugo mingine.

Na asipoweza kupandwa tena?

Wapo. Kano haikukaa, au kila ukiongeza kazi anarudi kuchechemea. Daktari akikwambia mara mbili, amini. Farasi huyo bado anaweza kutembea, kula majani, kukaa na wenzake, ikiwa hana maumivu ya kila siku. Nahodha ndiye mmoja wao. Alivunjika kipande cha kiungo cha mguu wa mbele, akatolewa, na matiti yake hayakuwahi kunyooka tena. Hajabeba mtu mwaka wa sita huu. Kila asubuhi maji yakipwa anatangulia mbele ya anayepona, kamba imelegea, na Karafuu alijifunza kutembea upya nyuma ya mkia wake.